Mama Feli na Tairi Lililorudi

Mliomwacha Mama Feli shimoni tangu wiki iliyopita, haya, mtoeni sasa. Mgongo unamuuma na hasira zimempanda, na mimi ninayewasimulia nimekasirika kumzidi, kwa sababu najua anachokwenda kukisikia.

Kwa wewe unayeanza leo: Mama Feli ni mkaguzi wa magari. Jina hilo kapewa na madereva, na hawakumpa kwa mapenzi. Gari likiingia kwenye mstari wake, yeye hushuka shimoni na tochi yake akalitazama tumbo lote, na dereva hubaki juu akiomba dua. Asubuhi hii peke yake kakagua magari kumi na tisa, kafelisha kumi na moja. Moja breki zake za nyuma zilishika upande mmoja tu. Jingine usukani una mchezo, unauzungusha robo nzima na magurudumu yametulia kama hayajaambiwa kitu. Matatu taa zao ama hazikuwaka ama zilimulika mitini. Sita yaliyobaki ni matairi. Vipara vitupu, waya zinachungulia, na mwenyewe anakuapia kwamba kayanunua mwaka huu.

Sasa, kuna jambo lilikuwa likimkera kwa wiki tatu. Gari analifelisha kwa matairi, halafu baada ya nusu saa linarudi limevaa matairi safi. Nusu saa. Wewe umewahi kupata matairi sita ya basi ndani ya nusu saa? Ndipo akaanza kuyawekea hayo safi alama kwa ncha ya msumari, ubavuni, upande wa ndani, mahali asipoona mtu ila aliye shimoni. Kila siku na alama yake. Ya leo ilikuwa duara.

Na duara hilo alikuwa amelichora kwenye gari moja tu. Basi la kijani la safari ndefu, alilolifelisha jana kwa matairi, likarudi leo saa moja asubuhi limependeza, akalitilia saini cheti. Basi hilo linaondoka saa nne na abiria hamsini na watano, na njia yake inapita kwenye mteremko mrefu ambao hata madereva wakongwe huushuka kimya.

Saa tatu na nusu, chini ya lori la mchanga, tochi yake ikatua kwenye tairi la mbele. Duara lilikuwa pale.

Tairi la basi liko kwenye lori. Basi limevaa nini?

Alipanda ngazi za shimo huku akijifuta mikono. Dereva wa lori la mchanga alikuwa amejiegemeza mlangoni, ametulia.

"Tairi hili la mbele umelitoa wapi?"

"Si nimenunua, mama."

"Lini?"

"Jana. Yaani juzi. Wiki iliyopita."

"Chagua moja."

Mmoja wa madereva kwenye foleni akacheka. Wakacheka na wengine. Dereva wa mchanga alipoona wenzake wanacheka, akapata ujasiri.

"Mama Feli, leo una utani. Si kwa Baba Pasi? Wote tunatoka huko."

"Baba Pasi ndiye nani?"

Kicheko kikakatika. Aliyeanza kucheka akakumbuka ghafla kwamba ana kamba ya kiatu. Mwingine akafungua boneti ambayo haikuwa na sababu ya kufunguliwa. Aliyejibu alikuwa mama mmoja dereva wa teksi, mtu mzima, aliyeona aibu kuliko wote.

"Mdogo wangu, usikasirike. Hapa tunasema Mama Feli anafelisha, Baba Pasi anapasisha. Ndiyo maneno ya hapa kituoni. Ni mumeo."

"Toka lini?"

"Miaka mitano. Toka afungue ile gereji ng'ambo."

Mama Feli alimkabidhi mkaguzi mwenzake tochi, akavuka barabara.

Mnisikilize hapa, kwa sababu kuna watakaosema alijitia hamnazo. Mama huyu hakuwahi kukanyaga gereji ya mumewe. Siku ya kwanza alipoona kibao kimetundikwa mkabala na kituo chake, alijiwekea mwiko: hataingia humo, asije mtu akasema mke na mume wanapeana kazi. Miaka mitano alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, uso mbele, kama mtu anayepita nyumba ya mchumba wa zamani. Aliambiwa mume anatengeneza shokapu, akaamini. Uadilifu wake ndio uliomfunga macho. Linauma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nyuma ya mabati ya gereji kulikuwa na kichanja cha chuma kimejaa matairi, makubwa chini, madogo juu, yameoshwa yanang'aa. Pembeni mitungi ya kuzimia moto imepangwa mstari. Juu ya misumari zimetundikwa pembetatu za tahadhari, mikanda ya viti, vioo vya pembeni, na taa kubwa za mbele zimefungwa mbilimbili kwa waya. Alizitambua. Alikwishazikagua, akaziandikia "nzuri", sijui mara ngapi.

Lakini kilichomsimamisha ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwandiko wa mumewe, herufi kubwa, ili hata mwenye haraka asome.

BREKI YA MKONO: ANAIVUTA MARA MBILI. TAA ZA NYUMA: ANASIMAMA HATUA TANO, USIWASHE KABLA. MOSHI: ANATAKA INJINI IPATE MOTO KWANZA. TAIRI LA AKIBA HALISAHAU. AKIWA AMEKUNYWA CHAI MPELEKEE MAPEMA.

Mumewe alitoka chini ya gari dogo, spana mkononi, tabasamu likamkwama njiani.

"Karibu," alisema.

"Hii ni nini?"

"Orodha tu. Ya kuwasaidia wateja."

"Haya ni maneno yangu ya mezani."

"Mke wangu..."

"Narudi jioni nimechoka, unaniwekea kiti, unaniuliza siku imekwendaje. Nakuambia leo nimefelisha hiki kwa sababu hii. Nasema moyoni, nina mume anayenisikiliza. Kumbe unakariri."

Mwanamume huyu, na hapa nawaomba radhi wasomaji wenye adabu, alikuwa na uso wa kujitetea.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Nimewahi kukuomba unipitishie gari? Hata moja?"

"Hapana."

"Nimewahi kukuletea bahasha? Nimewahi kukuambia huyu ni rafiki yangu?"

"Hapana."

"Basi. Gari likifika kwako lina matairi mazuri. Wewe unaandika mazuri. Uongo uko wapi?"

"Likitoka kwangu linavua."

"Hilo ni la mwenye gari."

"Anavulia wapi?"

Mume akainama kuokota nati.

"Nakuuliza, anavulia wapi? Si hapa, kwa jeki yako, kwa mikono hiyo hiyo?" Sauti yake ilikuwa ikipanda, na ng'ambo ya barabara foleni nzima ilikuwa imegeuza shingo. "Kila ninayemfelisha anavuka barabara. Ukali wangu ndio duka lako."

"Ungekuwa mpole ningekufa njaa," alisema mume.

Lilimponyoka. Alitaka kucheka, kama watu wanavyocheka neno likishatoka, lakini hakukuwa na wa kucheka naye. Miaka kumi na saba ya ndoa, na ndiyo kwanza Mama Feli amepata jibu la kweli.

Angeweza kulia. Hakulia, na mimi namshukuru. Aliiweka hasira kando kama mtu anavyoweka mzigo chini ili afungue mlango kwanza, akauliza lile lililomvusha barabara.

"Vipara vya basi la kijani viko wapi?"

"Basi gani?"

"Usinifanye mtoto. Basi la kijani. Nimelisainia saa moja. Tairi lake la mbele sasa hivi liko kwenye lori la mchanga."

Mume akapangusa spana ambayo haikuwa na uchafu.

"Nimewafungia tena saa mbili. Wafike navyo stendi tu. Tajiri mwenye basi ana mapya huko, anayafunga kabla ya safari."

"Umeyaona?"

"Ameniambia."

"Umeyaona kwa macho yako?"

"Ni mtu mzima, mke wangu. Mtu mzima akikuambia..." Rangi ilikuwa ikimtoka usoni taratibu, na Mama Feli, aliyezoea kuona kitu kikivuja, aliiona.

"Sema."

"Mama yumo."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Tajiri alinipa kiti. Cha bure, cha shukrani. Cha mbele kabisa, karibu na dereva, ili aone njia."

Wasomaji, najua mmezoea hadithi za mama mkwe na mke wa mwana wasioiva chungu kimoja. Hii si mojawapo. Bibi huyu, mwenye miaka sabini na mbili na magoti mabovu, ndiye aliyewalea watoto wawili wa Mama Feli ili mama yao aweze kushinda shimoni. Leo asubuhi alikuwa ameaga akiwa na kanga mpya begani, anakwenda kumwona dada yake. Alimshika mkwewe shavu na kumwambia, mwanangu, kula, umekonda. Na kumbe mwanawe wa kumzaa kamkatia kiti juu ya tairi alilolifunga mwenyewe huku akijua ni bovu.

Mume alikuwa keshapiga simu. Haikupatikana. Bibi huzima simu akiwa safarini ili chaji isiishe. Akapiga tena, haikupatikana. Ndipo akampigia tajiri, na mke akamnyang'anya simu, akaiongeza sauti ili naye asikie, akamrudishia.

"Fundi wangu," alisema tajiri, mchangamfu. "Mama kakaa vizuri?"

"Tajiri, yale mapya umeshayafunga?" aliuliza mume.

"Yamechelewa. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Uliniambia leo."

"Nilidhani leo. Vile vitatufikisha, usiwe na wasiwasi, dereva wangu hana papara."

"Lisimamishe basi."

"Limeondoka. Lilijaa mapema, likaondoka robo saa iliyopita."

"Basi mpigie dereva, mwambie aegeshe."

"Kwa sababu gani?" Uchangamfu ulikuwa umepungua. "Abiria niwaambie nini? Gari lina cheti cha leo, wino haujakauka. Kasaini mkeo. Yupo hapo? Mwambie ahsante. Na kama ana neno, alete karatasi ya serikali yenye muhuri. Simu ya mke wa fundi haisimamishi basi langu."

Akakata.

Naomba mtulie hapo muitafakari jeuri ya mtu huyu. Anamwendesha bibi wa watu juu ya mpira uliochakaa, halafu anadai karatasi.

Basi Mama Feli akaenda kuitafuta karatasi. Alivuka barabara akikimbia, mume nyuma yake, madereva wakawapisha bila kuambiwa. Mkuu wa kituo alikuwa ofisini kwake, feni inazunguka, anapanga vyeti vya asubuhi. Mama Feli alivuta fomu ya kutengua cheti kutoka kwenye kabati mwenyewe, akaandika wima, bila kukaa. Akaisukuma mezani.

"Piga muhuri, mkuu. Nataka nimpigie trafiki nikiwa nayo mkononi."

Mkuu akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"'Matairi yaliyokaguliwa si ya gari hili. Yamekodishwa na mume wangu.'" Akainua macho. "Hapa futa 'mume wangu'. Andika 'mtu asiyejulikana'."

"Anajulikana. Yuko mlangoni kwako, anatetemeka."

"Nakusaidia, mama. Ukiandika hivi, mwezi huu tu vyeti vyako vyote vitafumuliwa. Unamwaga unga wako mwenyewe."

"Piga muhuri."

"Usiwe na haraka hivyo. Mambo haya yana njia zake. Hata ile pikapu yetu ya ofisi, mwaka jana..." Akajikohoza.

"Hata pikapu ya ofisi nini?"

Mkuu akatazama feni.

"Ulijua," alisema Mama Feli.

"Kila mtu alijua."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie nini?" Sasa mkuu naye alikuwa amekasirika, hasira ya mtu aliyebanwa. "Tulidhani unajua. Wewe unafelisha, yeye anapokea ng'ambo. Tulidhani mmegawana kazi. Tena tulikuwa tukisema, wale wanandoa wana akili."

Kati ya yote aliyoyasikia asubuhi ile, hili ndilo lililomkata maini. Miaka mitano alikuwa akitembea kifua mbele katika uwanja ule, akirudisha soda anazoletewa, akikataa hata kusindikizwa nyumbani kwa gari la mteja. Aliposalimiwa kwa heshima, kumbe ilikuwa heshima anayopewa mjanja. Walikuwa wanamvisha kilemba cha ukoka, naye akawa anakirekebisha kisiegemee upande.

Aliuchukua muhuri mwenyewe kwenye kidau chake cha wino. Mkuu hakumzuia, wala hakumsaidia. Akaugonga juu ya fomu, juu kabisa ya maneno "mume wangu", akatia saini, akavua koti lake la kazi na kuliacha kwenye kiti.

"Sasa nipe simu ya mezani."

Kizuizi cha mwisho cha trafiki kiko kabla tu ya mteremko. Askari alipokea mara moja.

"Afande, naongea kutoka kituo cha ukaguzi. Nina hati ya kutengua cheti cha basi la kijani, lina mstari mweupe ubavuni. Lizuie hapo hapo, shusha abiria wote."

"Ni Mama Feli mwenyewe?"

"Ni mimi."

"La kijani, mstari mweupe?" Askari alikuwa akisita. "Mama, hilo limepita. Dakika tatu hazijafika."

"Umelikagua?"

"Nililisimamisha. Lilikuwa linayumba kidogo mbele, likanitia shaka, nikasema ngoja niwashushe nitazame matairi. Ndipo dereva akanionyesha cheti, nikaona saini yako." Aliongea kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake sifa yake. "Nikajisemea, huyu mama hapitishi uchafu. Nikawafungulia."

Mama Feli alishika ukingo wa meza.

"Mbele yako kuna kizuizi kingine?"

"Mbele yangu kuna mteremko tu, mama."

Alifungua kinywa amwambie awashe pikipiki alifuate. Kabla neno halijatoka, simu ikaita mlangoni, mkononi mwa mume. Aliitazama kana kwamba itamuuma. Kisha akaipokea, na kwa kuwa sauti ilikuwa bado imeongezwa, ofisi nzima ikasikia.

"Mwanangu," alisema bibi, mchangamfu, upepo ukivuma nyuma yake. "Nimewasha mara moja tu. Kiti kizuri, Mungu akubariki, naona njia yote. Ila wewe ni fundi, hebu nifahamishe. Kuna kitu kinapigapiga hapa chini ya miguu yangu. Kilianza kidogokidogo, sasa kinapiga haraka haraka. Nimemwambia dereva, ananiambia ni lami. Ni lami kweli?"

Mume alijua ni nini. Kila fundi anajua ngozi ya tairi inavyopiga inapoanza kubanduka.

Mama Feli akamnyang'anya simu.

"Mama, ni mimi. Usiulize kitu. Mpe dereva simu, sasa hivi."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema bibi. "Tumeanza kuteremka, na naona usukani ameushikilia kwa mikono yote miwili."